Amejuaje?

Nyumbani kwetu Mwanga, Kigoma mjini, kulikuwa na daftari lililokaa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya redio, mahali ambapo sisi watoto hatukufika bila kupanda kiti. Lilikuwa kaunta buku la jalada jeusi, kingo zake nyekundu, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala mtaani kwetu, mwenyeji wake alimleta kujitambulisha, na Baba alimwandika: jina, atokako, amefikia kwa nani, shughuli iliyomleta, siku ya kufika na siku ya kuondoka. Mwandiko wake ulikuwa wa watu waliosoma shule za misheni, herufi zote zimelala upande mmoja kama mitumbwi iliyovutwa nchi kavu pale Kibirizi.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma mambo ya ujasusi: jinsi serikali zinavyotafuta habari, zinavyozipima, na zinavyokosea. Sijawahi kuifanya kazi hiyo, na mashushushu ninaowajua ni wale wa kwenye vitabu vya historia. Lakini kila ninaposoma, akili inarudi kwenye kabati lile la vyombo. Karibu kila kanuni niliyoikuta niliiona kwanza ikitendeka sebuleni kwetu, na ile kubwa kuliko zote niliiona ikivunjwa.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili kimempa jina moja mtu wa nyumba kumi, ambaye cheo chake kilianzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, na mtu anayeiwakilisha nchi kule Paris au Beijing. Wote ni mabalozi. Nilipousoma Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia nikaona jina hilo limewakaa wote wawili sawasawa. Kifungu cha 3 kinataja, miongoni mwa kazi za ubalozi, kufahamu kwa njia zote zilizo halali hali ya nchi mwenyeji na kuiarifu serikali ya nyumbani. Kwa hiyo kusikiliza, kusoma magazeti, kuhudhuria karamu na kuandika barua kwenda nyumbani ni kazi halali kabisa. Ujasusi unaanza pale njia inapoacha kuwa halali: kumhonga karani wa wizara, kutega kinasa sauti ukutani, kununua nakala ya waraka wa siri.

Na kwa kuwa wanadiplomasia wana kinga, nchi nyingi huwaweka maofisa wao wa ujasusi humo humo ubalozini, kwa vyeo vya mwambata wa hiki na katibu wa kile. Akinaswa hafungwi. Kifungu cha 9 kinairuhusu nchi mwenyeji kutangaza kwamba hatakiwi, bila hata kutoa sababu, naye anafunga virago. Asiye na kinga hana wa kumtetea. Eli Cohen wa Israel aliishi Damascus akijifanya tajiri wa Kiarabu aliyerudi kutoka Argentina. Alinyongwa hadharani tarehe 18 Mei 1965.

Kazi yenyewe huanza na swali. Anayeamua, awe rais, jenerali au waziri, anataka kujua jambo fulani kabla hajaamua. Swali linashuka chini, watu wanatumwa kutafuta, kinachopatikana kinasafishwa, kinatafsiriwa, kinalinganishwa na vingine, kisha jibu linapanda juu, na mara nyingi linazaa swali jipya. Ukisoma vitabu vya fani hii utakuta mzunguko huo umechorwa kama gurudumu. Mchoro hauonyeshi jambo moja: swali ulilouliza ndilo linaloamua macho yako yataona nini. Na kwa hilo sina mfano mzuri kuliko wa ziwa letu.

Aprili 1915, mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, alifika makao makuu ya jeshi la majini la Uingereza mjini London na kueleza kwamba Wajerumani walikuwa wanaunda meli kubwa Kigoma. Alisema kweli, ila alikuwa amechelewa. Meli ile ilikuwa imeshashushwa majini tangu tarehe 5 Februari. Ilitoka Papenburg, Ujerumani, ikiwa vipande ndani ya makasha, ikapita bandari ya Dar es Salaam, kisha ikaja kwa reli iliyofika kwetu mwaka 1914. Ilikuwa Graf von Götzen, na kila mtu wa Kigoma anaijua kwa jina lake la sasa, Liemba. Habari ya Lee ilitosha, kwa sababu iliwakuta watu wenye swali tayari: nani anatawala Ziwa Tanganyika? Waingereza wakatuma boti mbili ndogo za mbio, Mimi na Toutou. Zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni, zikakokotwa milimani na mashine za mvuke na maksai, zikateremka mto Lualaba, zikafika ziwani ng'ambo ya pili mwezi Oktoba.

Upande wa Kigoma, Wajerumani walikuwa na swali lao. Walijua kuna harakati kwenye mlango wa mto Lukuga, pale Kalemie ya leo, na hofu yao ilikuwa meli kubwa ya Wabelgiji. Mwanzoni mwa Desemba ofisa wao aliyeitwa Rosenthal alikwenda kuchungulia. Aliogelea gizani hadi karibu na mahali pa kuteremshia vyombo, akaona aliyoyaona, akashindwa kurudi kwenye meli yake, akakamatwa. Inasimuliwa kwamba akiwa mfungwa alifanikiwa kupeleka barua Kigoma, barua ya kawaida kwa kuitazama, lakini ndani yake kulikuwa na maneno mengine aliyoyaandika kwa mkojo. Maandishi ya namna hiyo hayaonekani mpaka karatasi ipashwe moto. Barua ilifika. Ilikuwa hapa hapa, kwa watu wale wale iliyowahusu, na ikapita miezi kabla ya mtu kugundua kilichomo.

Katika miezi hiyo, tarehe 26 Desemba 1915, Mimi na Toutou ziliinasa meli ndogo ya Kijerumani Kingani katika pambano lililokwisha kwa dakika chache. Kigoma hawakujua yaliyoipata. Wakaituma Hedwig von Wissmann, nayo ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Meli mbili zimepotea huku jibu limelala kwenye karatasi iliyokwisha kupokewa. Ninapofundisha kipande hiki huwaambia wanafunzi waifikirie karatasi hiyo kwa dakika nzima, kimya, kabla hatujaendelea. Wengi hudhani kazi ya jasusi ni kuiona siri, kumbe kuna safari ya pili, kutoka kwa aliyeona hadi kwa anayeamua, na huko ndiko siri nyingi hufia.

Wajerumani nao walijua kudanganya. Juni 1916 Spicer-Simson, kamanda wa boti za Waingereza, alifika mbele ya ngome ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya Rukwa, akaona mizinga juu ya ukuta, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa mashua. Askari wa nchi kavu walipoingia ngomeni walikuta mizinga ile ni ya magogo. Götzen yenyewe ilikuwa imenyang'anywa mzinga wake mkubwa ukatumike vitani kwingine, ikawekewa wa bandia. Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao tarehe 26 Julai 1916, mitambo wakiwa wameipaka grisi isioze. Ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927. Babu yangu aliipanda kwenda Kipili kununua mpunga.

Nusu karne baadaye ziwa lilishuhudia somo jingine. Aprili 1965 kundi la wapiganaji kutoka Cuba liliondoka Kigoma usiku kwa boti kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Majina yao ya kificho yalikuwa hesabu za Kiswahili. Mkuu wao mbele ya watu aliitwa Moja. Yupo aliyeitwa Mbili. Wa tatu alitambulishwa kama daktari na mkalimani, na jina lake lilikuwa Tatu. Huyo Tatu alikuwa Che Guevara, aliyekuwa waziri Cuba, ambaye dunia nzima ilikuwa inajiuliza amekwenda wapi. Hata viongozi wa Kongo waliompokea hawakuambiwa mwanzoni ni nani. Kanuni hiyo ni ya zamani: kila mtu ajue kile tu anachohitaji kwa kazi yake, ili akikamatwa asiwe na cha kutoa.

Kificho hicho hakikuvunjwa na mashine wala na msaliti. Tarehe 29 Juni 1965 walishambulia kituo cha umeme cha Bendera, shambulio likashindikana, Wacuba wanne wakauawa. Walikuwa wameagizwa wasibebe chochote cha kuwatambulisha. Mmoja alikuwa na daftari lake la kumbukumbu. Adui walilipata kwenye maiti, na kuanzia hapo ikajulikana kwamba Wacuba wapo vitani ng'ambo ya ziwa. Novemba walirudi kwa boti, wakashukia Kigoma.

Njia nyingine za kukusanya habari nitazipita haraka, maana zinajulikana. Kuna kudaka mawasiliano na kuvunja maandishi ya fumbo, kama Waingereza walivyofanya Bletchley Park wakati wa Vita vya Pili. Kuna picha za ndege na setilaiti. Kuna vyanzo vya wazi, yaani magazeti, redio, takwimu za serikali na hotuba, ambavyo watu huvidharau kwa sababu havina harufu ya siri. BBC ilianza mwaka 1939 kusikiliza na kutafsiri redio za nchi nyingine, na kazi hiyo iliilisha serikali yake habari nyingi zilizopatikana bila kumwibia mtu kitu.

Chanzo kigumu kuliko vyote ni binadamu. Setilaiti itakuonyesha kifaru kiko wapi, lakini aliyekipeleka anawaza nini huwezi kupata ila kwa mtu. Na mtu anatoa siri kwa sababu zake: fedha, imani, hofu ya kuumbuliwa, au kinyongo cha kutothaminiwa kazini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mashirika makubwa ya ujasusi yamelijua hilo kwa damu. Aldrich Ames alikuwa ofisa wa CIA, kitengo kile kile cha kuwashughulikia Warusi. Mwaka 1985 aliingia ubalozi wa Kisovieti mjini Washington akauza majina. Mmoja baada ya mwingine, Warusi waliokuwa wakifanya kazi kwa siri na Wamarekani walikamatwa, na takriban kumi wakauawa. Yeye alinunua nyumba ya zaidi ya dola nusu milioni kwa fedha taslimu, akaendesha Jaguar kwenda kazini, akapita mtihani wa mashine ya kugundua uongo mara mbili, na alikamatwa Februari 1994, miaka tisa baadaye. Wenzake waliiona nyumba. Waliiona gari. Waliambiwa mke wake anatoka kwenye familia yenye uwezo, wakaridhika.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Mwaka 1996 wenyeji wa Kigoma hawausahau. Burundi ilikuwa inawaka, Kongo ikaanza kuwaka, na maboti yalikuwa yanashusha watu mchana na usiku. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa mwaka huo. Mjini kila mtu alikuwa na hadithi ya wapiganaji waliojificha kati ya wakimbizi, na hofu ile haikuwa ya kubuni, maana bunduki zilikuwa zinavuka kweli.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi fundi cherehani, mzaliwa wa Ujiji, mtu mpole aliyetushonea sare za shule na kutuongezea upindo ili tukue nazo. Jioni moja jirani yetu, mama wa makamo, alikuja akakaa kwenye kiti cha ukambaa pale barazani, akasema kwa sauti ya chini, "Balozi, kwa Fundi kuna watu wamekuja usiku. Na kuna vyombo juu ya bati. Usiku nasikia wanaongea kwenye redio." Baba aliandika. Siku ya pili kijana muuza dagaa alimsimamisha njiani: "Mzee, umesikia habari za kwa Fundi? Wanaongea na ng'ambo kwa redio." Baba aliandika. Siku ya nne, baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja anayeheshimika mtaani alikuja mwenyewe nyumbani na maneno yale yale, safari hii watu wakiwa wamefikia watano na redio imekuwa ya kijeshi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Namkumbuka Baba akimwambia Mama, daftari limefunguka mapajani, "Watu watatu hawawezi kukosea wote." Mama alijibu kwa ile methali ambayo kwetu husemwa kila siku: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Asubuhi Baba alipeleka habari ofisini kunakohusika, na usiku wa kuamkia siku iliyofuata Fundi alichukuliwa.

Alikaa huko siku kumi na moja.

Waliokuja usiku walikuwa shemeji yake na watoto wawili, waliovuka kutoka Uvira wakiwa na kapu moja la nguo. Redio ilikuwa ya kawaida ya betri, na sauti iliyosikika usiku ilikuwa ya mtangazaji wa habari kwa Kirundi, kwa sababu shemeji alitaka kujua kama mji alikomwacha mama yake bado upo. Betri zilikuwa zimeisha nguvu. Kila aliyekulia kwetu anajua tunachofanya betri zikichoka: tunazianika juani zipate uhai kidogo. Fundi alikuwa amezipanga juu ya bati, nne, zikimeta. Hivyo ndivyo vyombo.

Baba alifuatilia, kwa kuchelewa, kile alichopaswa kufuatilia kabla. Muuza dagaa hakuwa ameona chochote. Alisikia kwa mama yule wakati anampimia dagaa. Mzee wa tatu aliambiwa na baba wa muuza dagaa. Midomo mitatu, lakini aliyeona alikuwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja hakusema uongo hata kidogo. Aliona betri. Alisikia sauti. Aliogopa, kama alivyoogopa kila mtu mwaka ule. Mengine yote yaliongezwa njiani.

Miaka mingi baadaye nilisoma kisa cha Mwiraki aliyekimbilia Ujerumani, ambaye Wamarekani walimpa jina la kificho Curveball. Aliwaambia majasusi wa Ujerumani kwamba Saddam Hussein ana maabara za silaha za vijidudu zinazotembea juu ya malori. Taarifa zake zilipelekwa Marekani, zikaandikwa ndani ya ripoti hii na ile, na kila ripoti ilipoisoma nyingine ikaonekana kama habari imethibitishwa. Wamarekani waliozitegemea hawakupewa nafasi ya kumhoji wenyewe. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akayaeleza malori hayo kwa michoro. Vita vikafuata mwezi uliofuata. Mwaka 2011 mtu yule alikiri kwa kinywa chake kwamba alitunga. Nilipoisoma habari hiyo niliona baraza yetu na kiti kile cha ukambaa. Ukubwa wa madhara haufanani hata kwa mbali, najua. Kosa ni lile lile.

Siku Fundi aliporudi, Baba alikwenda kwake, nami nikamfuata kwa nyuma. Fundi alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, mikono imelala magotini. Baba aliomba radhi kwa maneno mengi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Balozi, ungenigongea tu mlango. Ningekufungulia." Hakusema jingine. Alimkaribisha chai. Kabla ya mwezi kwisha alifungasha cherehani, akahamia Uvinza na familia yake yote, na hadi siku anaondoka aliendelea kumwamkia Baba kila asubuhi.

Wiki ile Baba alichukua rula akachora safu mpya upande wa kulia wa kila ukurasa mtupu uliobaki. Juu yake aliandika neno moja: *Amejuaje?* Tangu hapo hakuna aliyekuja na habari asiulizwe. Kwenye safu ile utakuta maneno matatu tu yakijirudia kwa miaka kumi na zaidi: ameona, ameambiwa, anadhani. Akiambiwa "ameambiwa", aliuliza na nani, akaenda kwa huyo, hadi afike kwa aliyeona.

Hakujua kwamba majeshi ya NATO yana mpango wa namna hiyo: herufi A hadi F kwa uaminifu wa chanzo, namba 1 hadi 6 kwa uzito wa habari yenyewe, na viwili hivyo hupimwa mbalimbali. Mtu mwaminifu anaweza kuleta habari mbovu. Mama yule alikuwa mwaminifu.

Alijifunza pia kuuliza bila kumtilia mtu jibu mdomoni. Alikuwa akitukumbusha habari ya Stanley mwaka 1871, siku chache kabla hajafika Ujiji, alipokutana na msafara karibu na Malagarasi ukamwambia kuna mzungu amefika huko. Stanley alikuwa amemtafuta Livingstone kwa miezi. Bado aliuliza mzungu huyo ni kijana au mzee, na anatokea wapi. Wakamjibu ni mzee, ana mvi usoni, mgonjwa, ametoka Manyema. Jibu lilikuja lenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani lugha yetu inalihitaji zaidi, nalo ni maneno ya shaka. Mwaka 1951 wachambuzi wa CIA waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia mwaka ule lichukuliwe kuwa jambo linalowezekana kwa uzito. Ofisa mmoja wa wizara ya mambo ya nje akamuuliza Sherman Kent, mmoja wa wakuu wao, maana ya maneno hayo ni nini hasa. Kent akasema kwa maoni yake ni kama 65 kwa 35 kwamba litatokea. Ofisa alishtuka, maana yeye na wenzake walidhani uwezekano ni mdogo zaidi. Kent akarudi kuwauliza wachambuzi waliokubaliana kuyaandika maneno hayo. Akakuta mmoja alimaanisha 80 kwa 20, na mwingine 20 kwa 80. Walitia saini sentensi moja wakiwa na mawazo yaliyopingana.

Sisi tuna huenda, labda, pengine, yamkini, inasemekana. Niliwahi kuwapa kidato cha tatu vipande vya karatasi, kila mmoja aandike "huenda mvua ikanyesha kesho" ina maana ya asilimia ngapi. Nilipokusanya nilikuta 30, nikakuta 50, nikakuta 90. Na "inasemekana" ndiyo inayonitisha. Imemficha aliyesema. Ni safu ya Amejuaje iliyofutwa kwa neno moja, na tunalitumia kila siku, magazetini, vijiweni na kwenye simu, kuhusu watu wenye majina na nyumba na watoto.

Nchi inahitaji watu wa kazi hii, hilo siliwekei shaka. Mji uliopokea maboti ya mwaka 1996 usingelala salama bila mtu wa kujua nani amevuka na nini. Sheria ya mwaka 1996 iliyoipa Idara ya Usalama wa Taifa msingi wake wa kisheria, kama ilivyoandikwa wakati ule, ilisema si kazi ya idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kushiriki upinzani au malalamiko yaliyo halali. Napenda kwamba sentensi hiyo iliandikwa. Ningependa zaidi kujua kwamba kila anayepokea habari za mtu, awe ofisini Dodoma au barazani Mwanga, amefundishwa kwenda kugonga mlango kwanza.

Baba alifariki miaka saba iliyopita. Tulipokuwa tunagawana vitu vyake nilipanda kiti, ingawa sasa sikukihitaji, nikalishusha daftari. Tyubu ilikuwa imekauka, ikakatika mkononi. Niliutafuta ukurasa wa mwaka ule. Safu mpya haikuwapo kwenye ukurasa huo, kwa sababu aliichora baadaye. Lakini alikuwa ameurudia, sijui lini, kwa kalamu nyekundu, akavuta mstari wa wima kwa mkono bila rula, ukapinda kidogo chini. Mbele ya habari ya kwanza ameandika: *Ameona betri. Amesikia sauti.* Mbele ya pili: *Kwa yule mama.* Mbele ya tatu: *Kwa yule mama.* Na chini yake, pasipokuwa na habari yoyote, ameandika jina lake mwenyewe na cheo chake, na upande wa kulia, kwenye safu ya Amejuaje, neno moja:

*Sikuuliza.*